Kupima plazima kwa mawimbi ya redio: mwongozo kamili wa kifaa cha mezani, Nairobi

Plazima, yaani gesi ambayo elektroni zimetengana na atomi zake, ikifungwa kwa sumaku ni kituo cha redio kisicho na mtangazaji. Elektroni zake huzunguka mistari ya uga wa sumaku kwa kasi inayotegemea nguvu ya uga huo, na mzunguko huo hutoa mawimbi. Ukijua masafa, umejua nguvu ya uga pale mawimbi yalipotoka, na ukisoma vizuri utapata pia msongamano wa elektroni bila kuingiza kitu ndani ya plazima.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kujenga plazima ndogo kwenye benchi la maabara, kuipokea kwa redio ya bei nafuu, na kuthibitisha kwamba unachoona ni plazima. Hapo kwenye kuthibitisha ndipo pagumu, hasa Nairobi, ambako hewa imejaa FM, televisheni na simu. Kanuni ni moja: mstari wa plazima huhama unapobadilisha uga wa sumaku. Usiohama si wako, hata uwe mzuri kiasi gani kwenye skrini.

Hesabu kwanza, ununuzi baadaye

Elektroni huzunguka mara bilioni 28 kwa sekunde katika uga wa tesla 1, yaani GHz 28 kwa kila tesla. Mashine kubwa za muunganiko wa nyuklia hufanya kazi kwenye tesla kadhaa, kwa hiyo mawimbi yake ya elektroni huangukia GHz 100 na zaidi, ambako kila kifaa ni ghali. Kwenye benchi tunateremsha uga hadi militesla 28 hivi. Elektroni sasa zinatoa karibu MHz 800, na hapo kijiti cha RTL-SDR (redio ndogo inayochomekwa kwenye kompyuta) chenye chipu ya R820T2, kinachopokea kuanzia MHz 24 hadi 1766, kinatosha kabisa.

Namba ya pili ni masafa ya plazima yenyewe. Chukua kipeuo cha pili cha idadi ya elektroni katika mita moja ya ujazo, zidisha kwa 8.98, upate hezi. Kwa elektroni 10¹⁵, jibu ni MHz 284. Katika plazima yenye sumaku mawili haya huungana: kelele kubwa zaidi kwa kawaida haitokei kwenye masafa ya mzunguko peke yake bali juu yake kidogo, kwenye masafa mseto ya juu, ambayo mraba wake ni jumla ya mraba wa masafa ya mzunguko na mraba wa masafa ya plazima. Shika fomula hiyo, ndiyo itakayokupa msongamano.

Koili

Chukua bomba la PVC lenye kipenyo cha nje cha mm 75. Lisukie waya wa shaba wenye vanishi, SWG 14 (namba ya unene wa waya), kwa urefu wa mm 500, tabaka 4. Kwa unene wa mm 2.1 pamoja na vanishi utapata mizunguko 238 kwa kila tabaka, jumla 952. Utahitaji waya mita 250 hivi, karibu kilo 7.2. Waya huu huuzwa kwa kilo, na mafundi wa kusuka mota huko Industrial Area ndio wa kuwauliza. Omba waya mpya. Uliovuliwa kutoka mota kuukuu vanishi yake huwa imepasuka, na mizunguko miwili ikigusana huoni dalili yoyote ila uga unapungua kimyakimya na hesabu zako zote zinakwenda upande.

Upinzani wa koili nzima ni ohm 1.3. Uga katikati yake ni militesla 2.36 kwa kila ampea, kwa hiyo masafa ya mzunguko ni MHz 66 kwa kila ampea. Andika namba hiyo ukutani. Ampea 12 ni MHz 793, na joto linalozalishwa ni wati 190.

Umeme wa koili utoke kwenye betri. Pawasapulai za kubadili haraka zina kelele zinazopanda hadi mamia ya MHz, na zile za transfoma huacha mtetemo wa Hz 100 unaotikisa mstari huku na huku. Betri mbili za sola za V 12, Ah 100, zikifungwa mfululizo na kuwekewa fyuzi ya A 20, zinatosha. Punguza mkondo kwa waya wa hita ya umeme, ohm 0.7 hivi, wenye uwezo wa kubeba wati 110 bila kuyeyusha vishikio vyake. Weka pia dayodi ya A 25 sambamba na koili, ikielekea kinyume cha mkondo. Koili hii ina milihenri 12, na kwenye A 12 inahifadhi karibu joule 0.9. Ukikata swichi bila dayodi, nishati hiyo hutoka kama cheche ya mamia ya volti, na kinachokufa kwanza ni kipokezi.

Usipime uga kwa kukisia volti ya betri. Weka shanti, yaani risista ndogo ya kupimia mkondo, na uisome kila unapopima. Dakika 5 za A 12 hupasha shaba kwa takriban nyuzi 20, upinzani wake hupanda asilimia 8, mkondo hushuka asilimia 5, na mstari wako unateleza chini MHz 40. Asiyesoma shanti ataapa kwamba msongamano wa plazima unabadilika. Isitoshe, PVC huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hadi 70, kwa hiyo washa dakika 5, pumzisha 15, na uelekeze feni kwenye koili muda wote.

Tyubu, ombwe na gesi

Tyubu ni ya glasi ya borosiliketi, kipenyo cha nje mm 50, urefu mm 700. Upande mmoja uzibe kwa sahani ya aluminiamu, ambayo pia ni anodi, yaani ncha chanya ya umeme wa plazima. Upande wa pili weka sahani ya pleksiglasi ya mm 15 yenye boliti mbili za shaba nyeupe zilizozibwa kwa epoksi. Hizo zitashika filamenti. Oringi zipakwe grisi ya ombwe kidogo tu. Huhitaji kubana sahani kwa nguvu: hewa ya nje yenyewe itazisukuma kwa uzito wa kilo 16 hivi kila moja. Vaa miwani ya kinga kila pampu inapowaka.

Filamenti ni ile ya balbu ya gari ya halojeni, V 12, W 55. Gesi iliyo ndani ya balbu iko kwenye shinikizo kubwa, kwa hiyo ifunge kwa kitambaa kinene kabla ya kuivunja. Ishikilie kwa miguu ya shaba ya mm 150 ili iingie ndani ya koili. Watu wengi huiacha pale mwishoni mwa tyubu kwa sababu ni rahisi, kisha wanashangaa plazima ni hafifu. Mwishoni mwa koili uga ni nusu ya ule wa katikati, na elektroni zinazoelekea kwenye uga mkubwa zaidi hurudishwa nyuma kama zimegonga kioo.

Pampu ya mafundi wa friji na AC, ya hatua mbili, inatosha. Hapa Nairobi kuna jambo linalowapotezea watu siku nzima. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na shinikizo la hewa ni kPa 83 hivi, si 101. Geji ya mshale ya fundi friji hupima tofauti na hewa ya nje, kwa hiyo kwenye ombwe safi kabisa itasimama kwenye inchi 24.5 za zebaki, haitafika 30. Hiyo si kuvuja. Acha kukaza oringi. Tumia geji ya Pirani, ambayo haitegemei hewa ya nje, na ulenge paskali 5 gesi ikiwa inapita.

Gesi ni agoni ya wachomeleaji wa TIG. Hakikisha mtungi ni agoni tupu, kwa maana ule wa MIG huwa umechanganywa na kaboni dioksidi, na filamenti ya tungsteni itaungua ndani ya dakika chache. Iingize kupitia vali ya sindano. Shinikizo ndilo linaloamua kama utaona mstari au la: elektroni inayogonga atomi hukatiza mzunguko wake, na mstari hupanuka. Kwenye Pa 5 upana utakuwa makumi ya MHz, unasomeka. Kwenye Pa 50 ni mamia, na kilima chote hupotea ndani ya sakafu ya kelele huku tyubu iking'aa vizuri ajabu. Mng'ao si kipimo.

Umeme wa plazima utoke kwenye betri 7 ndogo za UPS za V 12 zilizofungwa mfululizo, zikipitia risista ya ohm 200, wati 10. Zikiwa zimejaa chaji, jumla ni volti 88 za DC: usiziguse, na mikono iwe mikavu. Washa filamenti kwa betri yake ya peke yake, anza na volti 6 kisha panda taratibu hadi mkondo wa plazima ufike mA 100. Ndani ya ombwe filamenti hupata moto zaidi kuliko ilipokuwa kwenye balbu, kwa hiyo volti 12 zitaikata.

Kitanzi na njia ya kupokea

Kati ya glasi na bomba la PVC kuna nafasi ya mm 10 pande zote. Humo ndimo antena inamopita. Chukua kebo ngumu ya koaksia yenye unene wa mm 2.2, menya ncha, ukunje kitanzi cha mm 20, kisha ulehemu mwisho wa waya wa ndani kwenye ganda la nje. Ukisukume hadi katikati ya koili, bapa la kitanzi likielekea ndani ya tyubu.

Koili yenyewe inakusaidia. Bomba la metali la upana huu halipitishi mawimbi yaliyo chini ya GHz 2.3, kwa hiyo stesheni za nje haziwezi kuingia humo zenyewe. Huingia kwa kudandia waya. Nyaya za filamenti na anodi zikipita katikati ya bomba huwa kama moyo wa kebo ya koaksia na kubeba simu za mtaa mzima hadi kwenye kitanzi chako. Kila waya unaoingia kwenye tyubu upitishwe kwenye vipande viwili vya ferraiti na uwekewe kapasita ya nF 1 kuelekea kwenye ngao (ganda la nje la kebo ya kitanzi), palepale mlangoni. Kazi hii ya nusu saa huleta faida kuliko kipokezi cha bei mara kumi.

Kuanzia kwenye kitanzi mpangilio ni huu: kapasita ya pF 100 ya kuzuia DC, dayodi mbili za Schottky zilizogeuziana mgongo kama kinga, kichujio cha kupitisha masafa yaliyo juu ya MHz 400, amplifaya ya SPF5189Z, kipunguza nguvu cha dB 6, halafu RTL-SDR. Amplifaya iwe karibu na kitanzi kadiri iwezekanavyo. Kitanzi hakilingani na ohm 50, kwa hiyo sehemu ya mawimbi hurudi na kugongana ndani ya kebo. Kebo ya mita 1 kabla ya amplifaya itakuletea mawimbi ya kupanda na kushuka kila MHz 100, yanayofanana sana na vilele vya plazima. Baada ya amplifaya si neno. Hata kebo ya televisheni ya RG-6, ya ohm 75, inayopatikana kila duka Luthuli Avenue, hurudisha asilimia 4 tu ya nguvu.

Ukiwa na NanoVNA, kifaa kidogo kinachoonyesha jinsi antena inavyorudisha mawimbi, pima kitanzi kikiwa mahali pake, plazima ikiwa imezimwa, kati ya MHz 600 na 1100. Unachotafuta ni shimo jembamba kwenye grafu. Likiwepo, urefu wa waya fulani unapiga mwangwi, na huo mwangwi utakuja kujifanya mstari.

Jaribu kwa taa ya tyubu

Kabla ya kuwasha pampu, hakikisha njia ya kupokea inasikia plazima yoyote ile. Taa nyeupe ya tyubu ni plazima tayari. Elektroni zake zina halijoto ya karibu kelvini 11,000, na tangu miaka ya 1940 taa za aina hii zimetumika kama chanzo cha kelele cha kupimia vipokezi. Zungushia sehemu ya katikati ya taa waya wenye plastiki mara 5, mbali na ncha zenye umeme, uunganishe mahali pa kitanzi. Taa ikiwaka, sakafu ya kelele ipande kwa kiasi kinachoonekana katika masafa yote. Isipopanda, tafuta kosa sasa, si baada ya kujenga tyubu.

Kipimo cha haraka: kwa amplifaya hii, mfumo mzima huwa na takriban kelvini 400, kwa hiyo kupanda kwa dB 1 ni kama kelvini 100 za nyongeza.

Ramani ya kelele ya chumba chako

Endesha skani moja kila kitu kikiwa kimezimwa, ukiwa na antena ya kawaida mezani:

rtl_power -f 600M:1100M:1M -g 20 -i 10 -1 -c 20% kelele.csv

Utaona televisheni ya dijitali hadi MHz 694, minara ya 4G kati ya 791 na 821, na minara ya simu ya MHz 900 kati ya 925 na 960. Kati ya 832 na 862, na tena 880 hadi 915, ni simu zenyewe zinazojibu minara. Hizo ni mbaya zaidi kwa sababu zimo chumbani na hazitabiriki. Simu moja mfukoni ikipokea ujumbe wa M-Pesa katikati ya kipimo huacha mnara mrefu kuliko kitu chochote plazima itakachotoa. Simu zote ziwe kwenye hali ya ndege, au bora ziachwe nje. Kwenye MHz 1090 utasikia ndege za Wilson na JKIA. FM ya MHz 87.5 hadi 108 haimo kwenye skani hii, lakini ina nguvu ya kulewesha amplifaya, ndiyo maana ya kile kichujio.

Tia alama masafa hayo. Kisha chagua mikondo ya koili itakayopitisha mstari wako katika sehemu zilizo wazi, usijilazimishe kupima A 12 kwa sababu tu ni namba nzuri. Kompyuta iendeshwe kwa betri yake, chaja ikiwa imechomolewa.

Kupima

Acha kipokezi kiwake dakika 20 kipate joto lake. Gain (kiasi cha ukuzaji wa kipokezi) iwe ya kudumu, kamwe isiwe ya kujirekebisha: ya kujirekebisha itashusha kila kitu mara plazima inapopanda, nawe hutaona kitu.

Kila kipimo kina skani tatu: plazima imezimwa, imewashwa, imezimwa tena. Kuzima maana yake ni kukata betri za UPS tu. Filamenti na koili viendelee. Toa wastani wa skani mbili za kuzimwa kutoka kwenye ile ya kuwashwa, kwa desibeli. Hizo mbili zikitofautiana kwa zaidi ya dB 0.2, tupa kipimo hicho. Kinachokusumbua hapa ni kuyumba kwa gain. Kelele ya takwimu ni ndogo mno kwa muda huu.

Rudia kwa mikondo 6 au zaidi, kuanzia A 9 hadi 15. Kwa msongamano wa 10¹⁵, hesabu inatarajia kilele kwenye MHz 720 kwa A 10, kwenye 843 kwa A 12, na kwenye 968 kwa A 14. Mkondo wa plazima ubaki mA 100 kila mara, ukirekebisha filamenti.

Halafu fanya majaribio mawili ya kujipinga. La kwanza, zima koili na uache plazima ikiwaka: kilele kitoweke. La pili, geuza nyaya za koili: kilele kirudi palepale, kwa sababu masafa hayajali uga unaelekea wapi. Kikihama kwa kugeuza nyaya, unapima kitu kingine, mara nyingi ni mkondo wa koili unaovuja kwenye ardhi ya kipokezi.

Kusoma grafu

Usichore masafa dhidi ya mkondo. Chora mraba wa masafa dhidi ya mraba wa mkondo. Ukitumia MHz na ampea, utapata mstari ulionyooka wenye mwinuko wa 4,370 hivi, ambao ni mraba wa ile 66.1 ya koili. Pale unapokata mhimili wa wima ni mraba wa masafa ya plazima. Gawanya thamani hiyo, ikiwa katika hezi za mraba, kwa 80.6, na jibu ni elektroni kwa kila mita ya ujazo.

Mwinuko ndio mlinzi wako. Ukiwa chini kwa asilimia 5 au zaidi, kagua shanti, kisha mizunguko iliyogusana. Mstari ukipinda kwenda juu, msongamano unakua kadiri uga unavyoongezeka, jambo la kawaida kwa sababu sumaku inafunga elektroni vizuri zaidi. Hapo jibu lako ni la wastani tu, liandike hivyo.

Usijaribu kutoa halijoto ya elektroni kutoka urefu wa kilele. Njia hiyo inafaa plazima inayomeza mawimbi yake yote kabla ya kuyatoa, kama mwili mweusi. Yetu ni nyembamba, mawimbi mengi yanapita bila kumezwa, na hata elektroni chache za kasi kutoka kwenye filamenti hupandisha kilele bila halijoto ya zilizobaki kubadilika.

Kwenye mashine kubwa

Kwenye tokamaki, mashine ya muunganiko yenye umbo la pete, uga hupungua kadiri unavyotoka kwenye kitovu cha mashine, kwa uwiano wa moja kwa umbali. Hivyo kila masafa yana mahali pake. Hamoniki ya pili ya elektroni, yaani masafa maradufu ya mzunguko, humezwa vya kutosha, na nguvu yake kwenye kila masafa hutoa halijoto ya elektroni mahali hapo. ITER, tokamaki inayojengwa Ufaransa, itakuwa na tesla 5.3, yaani masafa ya mzunguko wa elektroni ya GHz 148 katikati.

Ayoni nazo hutoa mawimbi, chini zaidi: protoni MHz 15.2 kwa kila tesla, deuteroni (kiini cha deuteri, haidrojeni nzito) 7.6. Katika majaribio ya deuteri na triti (haidrojeni nzito zaidi) ya JET, tokamaki ya Uingereza, mwaka 1991, vilele vilionekana kila MHz 17 hivi. Gawanya kwa 7.6 upate tesla 2.2. Chukua mashine yenye tesla 2.8 kwenye umbali wa mita 3: zidisha 2.8 kwa 3, gawanya kwa 2.2, na umefika mita 3.8, yaani karibu na ukingo wa nje wa plazima, wala si katikati kunakotokea muunganiko mwingi. Nguvu ya mawimbi hayo iliendana na idadi ya nyutroni, ishara kwamba yanatoka kwa ayoni za kasi zinazozaliwa na muunganiko. Ila masafa peke yake hayakwambii ni ayoni gani. Chembe ya alfa ina MHz 7.67 kwa tesla na deuteroni 7.63, tofauti ya chini ya asilimia 1, na hakuna anayejua uga wa ukingoni kwa usahihi huo bila kipimo kingine cha kumsaidia.